Maporomoko ya Nithi kwa Mtu Aliyezoea Maji ya Chumvi

Ukivuka daraja la Garsen kwenda Lamu, sehemu ya maji yanayopita chini ya gari imetoka Mlima Kenya. Mto Nithi huanzia kwenye Ziwa Michaelson, ndani ya Bonde la Gorges upande wa mashariki wa mlima. Huporomoka majabalini mara kadhaa, hushuka hadi mto Mutonga, na Mutonga huingia Tana, ambao humwaga baharini Kipini. Huku kwetu maji hayo huyakuta mekundu na mazito, na mwenye akili hatii mguu kwa kuogopa mamba. Kule juu ni maangavu, hayana mamba wala kiboko, na pengine ndiyo sababu mtu wa pwani huyadharau.

Asemaye kwamba watu wa Malindi na Lamu hushindwa na mlima kwa baridi au kwa udhaifu wa miguu hajatutazama vizuri. Baridi hununuliwa nguo, na aliyezoea kusukuma mashua mchangani ana miguu ya kutosha. Kinachotuponza ni mazoea ya maji. Tumekua tukiamini kwamba kulowa si neno, jua litakausha. Tumeamini kwamba maji ukishaona chini yake umeyajua, na kwamba mwogeleaji hazami karibu na ukingo. Mlimani yote matatu si kweli, na karibu kila ushauri utakaousoma hapa unatokana na hilo.

Kwanza majira. Upande wa Chogoria, yaani njia ya mashariki tunayoizungumzia hapa, hupata mvua nyingi kuliko upande wa Sirimon, njia ya kaskazini-magharibi. Masika, Machi hadi Mei, maporomoko hujaa lakini huyaoni kwa ukungu, na barabara ya msituni mara nyingine haipitiki hata kwa gari la magurudumu manne yenye nguvu. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni afadhali kidogo tu. Wengi hushauriwa waende Februari, kaskazi ikiwa imetulia. Mbingu huwa safi kweli, ila kufikia mwisho wa mwezi huo maji yamepungua, na poromoko uliloliona pana katika picha unalikuta jembamba. Sisi tunapendelea Januari: vuli imekwisha, ardhi bado inatoa maji iliyoyanywa, na asubuhi huwa wazi. Juni na Julai maji ni mengi pia, lakini mawingu hukaa sana upande huu na matope hayajakauka.

Mwezi wowote utakaokwenda, siku ya mlimani ina mwendo wake. Alfajiri ni wazi. Kuanzia saa nne asubuhi wingu hupanda kutoka msituni, mchana ni ukungu, na alasiri ni mvua au mvua ya mawe. Haiwi hivyo kila siku, lakini panga safari kana kwamba ni kila siku. Uwe porini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na uwe umeshageuka kurudi kabla ya saa sita.

Sasa mwinuko, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndio unaorudisha watu. Malindi ni usawa wa bahari. Lango la Chogoria liko karibu mita 3,000, na gari hukufikisha hapo hapo mlangoni. Huo ndio ubaya wa njia hii: mtu aliyelala Mombasa juzi leo analala mita 3,000 bila kutembea hata kidogo, na usiku kichwa kinamgonga. Pale langoni kila pumzi ina kama asilimia 70 ya oksijeni uliyoizoea. Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000, ni asilimia 60 na ushei. Mwili hujirekebisha, ila hutaka usiku kadhaa, na hakuna mazoezi yanayoweza kuchukua nafasi ya usiku hizo.

Mpango unaofaa watu wa pwani ni huu. Lala usiku mmoja Chogoria mjini au Chuka, kisha usiku mbili kwenye vibanda vilivyo karibu na lango. Siku ya kwanza ya langoni, tembea kilomita 7 hivi hadi kambi ya Roadhead, mahali barabara ya magari inapoishia, kama mita 3,300, kisha urudi ukalale chini. Siku ya pili ndiyo ya Maporomoko ya Nithi. Baadaye hamia Ziwa Ellis, karibu mita 3,500, na kutoka hapo nenda ukalione Bonde la Gorges ukiwa na begi jepesi. Kanuni ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kupanda juu mchana na kushuka kulala kunasaidia. Kulala juu kabla ya wakati kunaumiza. Mwenye siku tatu tu za likizo ayaone maporomoko ya Nithi peke yake na aridhike nayo, asilitamani bonde la juu.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu na usingizi wa vipande vipande. Hapo hupandi. Pumzika palepale, kunywa maji, na isipopungua shuka. Mtu akianza kuyumba, akashindwa kutembea juu ya mstari ulionyooka, au akiongea maneno yasiyopangika, hayo ni maji kujaa ubongoni. Akihema hali amekaa, au akikohoa povu la rangi ya waridi, ni mapafu. Katika hali zote mbili hamsubiri asubuhi: anashushwa usiku huohuo, na mita 500 hadi 1,000 za kushuka hufanya kazi kuliko dawa yoyote iliyomo begini. Asetazolamaidi, ile inayouzwa kwa jina la Diamox, husaidia ikimezwa miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Hukojoza sana na hutia ganzi vidoleni, na mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie daktari kwanza. Haikupi ruhusa ya kukimbia ratiba.

Kuna mambo mawili ya kiafya ambayo maelezo yaliyoandikwa kwa wageni kutoka Ulaya hayayagusi, na kwetu ni makubwa. La kwanza ni malaria. Mbu hayuko mita 3,000, lakini aliyekuuma Malindi wiki moja au mbili kabla unaweza kupanda na vijidudu vyake mwilini. Kichwa na kichefuchefu hufanana na ugonjwa wa mwinuko. Homa kali na kutetemeka kwa vipindi havifanani. Mtu wa pwani mwenye joto la mwili asiambiwe ni mlima. Ashushwe, akapimwe damu katika hospitali ya Chogoria. La pili ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu uitwao pia sickle cell. Mgonjwa wa selimundu asipande kabisa. Hata anayebeba kinasaba kimoja tu, asiyewahi kuugua maishani, anaweza kupata madhara ya wengu katika mwinuko mkubwa, na dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Kwa kuwa damu hiyo ni ya kawaida ukanda huu, pima kabla ya kulipia safari.

Mazoezi ya miguu hayakosekani hata penye nchi tambarare. Wa Malindi wana Nyari kule Marafa: shuka korongoni, panda, shuka tena, na begi la kilo 8 mgongoni, alasiri jua likipungua. Wa Lamu wana matuta ya mchanga ya Shela. Mchanga hufunza mashavu ya miguu na mapaja vizuri sana, ila haufunzi magoti kushuka mawe, kwa hiyo ongeza ngazi za nyumba za ghorofa. Wiki sita, mara tatu kwa wiki, zinatosha.

Nguo zote za baridi unaweza kuzipata kwenye mitumba, na hapa pwani ndiyo neema. Sweta za sufu, fulana za joto na jaketi nzito huletwa ndani ya marobota na hakuna wa kuzigusa Malindi wala Kongowea, kwa hiyo bei yake ni ya kutupa. Soma kitambulisho cha ndani ya shingo: unataka sufu au poliesta, hutaki pamba. Pamba ikilowa hushika maji na kukuvuta joto hata ukiwa unatembea, na hiyo ni pamoja na suruali ya jinzi, fulana ya kawaida, kikoi na leso. Kikoi kichukue kwa ajili ya hemani. Ngozini vaa fulana nyepesi ya poliesta au sufu, juu yake sweta, juu kabisa jaketi na suruali visivyopitisha mvua. Boshori ya sufu, glavu jozi mbili, soksi nene jozi tatu. Jozi moja ya soksi na seti moja ya nguo ni za kulalia tu, hazitoki hemani hata mvua ikikunyeshea siku nne mfululizo. Ukishalowesha seti hiyo huna tena mahali pa kupata joto.

Mfuko wa kulalia uwe wa nyuzi sifuri au chini, kwa maana usiku wa Ziwa Ellis huweza kuganda. Majani ya lobelia, mmea mkubwa wa kule juu, hukusanya maji katikati yake, na asubuhi utakuta yana kifuniko cha barafu.

Viatu ndivyo hasara kubwa ya mitumba. Buti zilizokaa miaka kadhaa stoo, hasa penye joto na unyevu kama kwetu, huoza soli ya kati bila kuonyesha dalili nje. Unakanyaga saa mbili, soli nzima inabanduka. Ukinunua, zivae wiki nzima, zilowe, zikauke, uzikunje kwa mkono kutazama nyufa juu ya kisigino. Beba kamba nyembamba ya nailoni, ile ya kufungia nyavu, ukalifunge buti likiachana. Utawaona wapagazi wengi wakipanda na gambuti. Kwenye vinamasi vya juu ya msitu ziko sawa kabisa na hukaa kavu kuliko buti za bei ghali. Kwenye jabali la poromoko ni hatari, isipokuwa zenye meno marefu chini.

Karatasi za plastiki ambazo tungefungia nguo zimepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na tangu Juni 2020 chupa za maji za kutumia mara moja haziingii katika mbuga na hifadhi. Mlinzi wa langoni hukagua. Chukua chupa mbili za bati za lita moja, na kwa nguo tumia ile mifuko ya kukunja mdomo inayotumiwa kwenye mashua za kupeleka watalii kuzamia. Kifuniko cha mvua cha nje ya begi hakitoshi. Upepo hukiinua na maji huingilia mgongoni.

Safari yenyewe ni ndefu. Malindi hadi Mombasa, treni kutoka Miritini hadi Syokimau au basi la usiku, kisha matatu ya Embu, Chuka, Chogoria. Mitungi ya gesi ya kupikia nunua Nairobi, kwa sababu ukaguzi wa kituo cha treni hautaikubali. Daraja la Nithi, kati ya Chuka na Chogoria, lina mteremko mkali na kona mbaya, na limeua watu wengi, lipite mchana. Kutoka Chogoria hadi langoni ni zaidi ya kilomita 20 za msitu wenye tembo na nyati. Kodi gari, usitembee. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa eCitizen wala si kwa noti, basi maliza mjini penye mtandao wa uhakika, na beba kitambulisho. Mtu haruhusiwi kuingia peke yake. Mwongoza njia umkubalie bei na siku kabla ya kuondoka, na akiwa ni mtu mzima mwite mzee na umsikilize. Akikuambia wingu lile si zuri, usimbishie kwa ujuzi wa mawingu ya Lamu.

Chakula cha kwetu kina mazuri na mabaya yake. Langoni maji huchemka nyuzi 90, na Ziwa Michaelson kama 87, kwa hiyo maharagwe makavu na mbaazi hayaivi, utamaliza gesi. Adesi huiva, zikilowekwa. Wali hupikika ukiongeza maji na ukafunika sufuria kwa jiwe, lakini usijaribu pilau. Mahamri hukauka siku ya pili. Chapati zilizotiwa mafuta ya kutosha hudumu. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, yaani kule juu ni jiwe siku zote, basi beba ya mahindi au samli. Tende, halua, korosho na kashata ndizo za njiani, kiganja kimoja kila saa moja hata kama huna njaa. Mwinuko huua hamu ya kula, na kinachopita kooni wakati huo ni kikali na chenye chumvi: achari ya embe, ndimu, ubuyu. Ng'onda uache nyumbani. Harufu yake huingia kila kitu, na pimbi wa kule juu hawana haya, watalichana begi lako.

Maji kunywa lita 3 hadi 4 kwa siku. Baridi huficha kiu, na hewa kavu hukutoa maji kwa kila pumzi. Ya mtoni yachemshe; ukishavuka mita 2,000, yaache yatokote dakika 3, au tumia vidonge vya klorini na usubiri nusu saa, zaidi kidogo kwa kuwa maji ni ya baridi.

Sasa poromoko. Kutoka Roadhead ni mwendo wa nusu saa hivi kuyafikia Maporomoko ya Nithi, na unafuata mto kuelekea chini. Tambua maana yake: kwenda ni kushuka na kurudi ni kupanda, wakati ambao wingu limekuja na umechoka. Utaisikia sauti kabla ya kuona kitu. Njia hupita kwenye nyasi za mafungu na vichaka virefu, chini ni udongo mweusi unaokula mguu. Kanyaga juu ya mafungu ya nyasi, si katikati yake.

Mahali pa kwanza utakapofika ni juu, maji yanapoanza kuanguka, na hapo ndipo watu huteleza wakafa. Jabali linaonekana pana na kavu. Kumbe mvuke wa maji umelilowesha tangu usiku, na juu yake kuna ukoga wa kijani usioonekana kwenye mwanga mkali. Ukiukanyaga umekanyaga sabuni ya mche iliyolowa. Kaa mita 3 au zaidi kutoka kwenye ukingo. Anayetaka kutazama chini alale kifudifudi, wala asiiname. Simu ya kupiga picha ifungwe kamba shingoni, kwa sababu mtu huifuata simu inayoteleza bila kufikiri. Na usivuke mto pale juu hata kama maji yanafika kifundo tu. Ukianguka mahali pengine unalowa. Ukianguka pale unakwenda nayo.

Kushuka hadi chini, tembea mmoja mmoja, mwenye kukufuata asikae juu yako moja kwa moja, maana mawe hubanduka. Shika mwamba au mzizi mnene. Nyasi na matawi ya vichaka hutoka mzimamzima. Mbele ya hatua ngumu, ushushe mguu mmoja ukiutazama uso wa jabali, kama mtu anayeshuka shimoni kwa ngazi anavyofanya, usishuke kwa makalio.

Halafu dimbwi. Kijana wa Lamu aliyekua akijirusha gatini huliona dimbwi la chini ya poromoko akavua shati. Wahenga wamesema maji usiyoyafika hujui kina chake, na haya hata kina si ndicho kitisho. Bahari yetu ni nyuzi 25 hadi 30. Dimbwi lile huwa karibu nyuzi 10 au chini. Ukijitosa ghafla, kifua hukaza na unavuta pumzi moja kubwa bila hiari yako, kisha pumzi zinakwenda mbio dakika moja hadi tatu. Ile ya kwanza ikikukuta kichwa kiko ndani, unavuta maji. Ukiipita hiyo, kwa dakika 10 hivi mikono hupoteza nguvu, unaliona jiwe la kushika na vidole havifungi. Hapo ustadi wako wa kuogelea hauna kazi. Zaidi ya hayo maji hayana chumvi, hukubeba kidogo kuliko bahari. Povu jeupe karibu na poromoko limejaa hewa, halikubebi kabisa. Na pale maji yanapotua hurudi nyuma, yakazama tena, yakamzungusha aliye ndani. Chini pana magogo yaliyoletwa na mafuriko. Kuzamia ni marufuku, kwa hiari yetu wenyewe. Mwenye hamu aingie taratibu hadi magotini, upande wa mbali ambako maji yametulia na yanatoka, jua likiwaka, taulo na sweta vikimngoja ukingoni, na asizidishe dakika 2.

Mto hauna bamvua wala maji mafu. Huwezi kuhesabu mwezi ukajua leo yatajaa lini. Hujaa kwa mvua iliyonyesha juu yako, bondeni, pengine wewe uko juani. Alama zake ni nne, na moja tu inatosha kukuondoa: maji kubadili rangi kuwa ya chai, majani na vijiti kuanza kuelea, sauti kuwa nzito, au jiwe ulilolitia alama kufunikwa. Ukifika, chagua jiwe moja lenye ukingo mkavu na ulitazame kila dakika chache. Ikibidi kuvuka kijito njiani, fungua mkanda wa kiunoni wa begi, usivue viatu, vua soksi tu, tazama yanakotoka maji, shika fimbo iwe mguu wa tatu, na usogeze mguu mmoja baada ya mwingine bila kuipishanisha. Yakipita goti, rudi ungoje. Mito hii hupungua kwa saa chache mvua ikikoma.

Poromoko la Vivienne liko juu zaidi, ndani ya Bonde la Gorges, na jina lake ni la msafiri Vivienne de Watteville aliyefika mlimani 1929. Njia ya ukingoni hukuonyesha bonde lote kwa chini, kuta za mawe zilizochongwa na barafu ya zamani, na poromoko likiwa katikati yake. Kwa wengi kulitazama kutoka ukingoni kunatosha. Kushuka bondeni na kupanda tena siku moja ni kazi ya mtu ambaye hajaumwa kichwa tangu langoni, na mwongoza njia awe anayeijua njia ya kushukia, maana ukungu ukifunga, ukingo wote hufanana.

Katika yote haya, anayelowa ndiye wa kuchungwa. Kutetemeka ni dalili nzuri, mwili bado unapigana. Mtu akinyamaza, akajikwaa, akashindwa kufunga zipu yake, au kutetemeka kukikoma ilhali bado ana baridi, simamisheni safari. Mpelekeni penye kinga ya upepo, mvueni nguo zote mbichi hata kama anakataa, mvisheni kavu na boshori, mtieni katika mfuko wa kulalia juu ya mkeka wa sponji, na mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi akiwa anaweza kumeza mwenyewe. Msimsugue mikono wala miguu. Tangawizi si kitu, sukari ndiyo inayofanya kazi, ingawa hatujaona mtu wa pwani aliyekubali chai bila tangawizi.

Thermosi ya lita moja ni mali kwa sababu nyingine pia. Ijaze maji ya moto usiku, na alfajiri utatawadhia maji ya uvuguvugu badala ya kutumbukiza mikono kijitoni na kuikosa kwa nusu saa nzima ya kufunga hema. Kibla hapo ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo tu.

Kushuka, kaza kamba za buti sehemu ya juu ya mguu ili vidole visigonge mbele, fupisha hatua, na ulalie fimbo mbili kama magoti yana historia. Kucha zikatwe kabla ya safari, si mlimani.

Ukirudi Malindi, usiliache hema ndani ya mfuko wake hata usiku mmoja. Kwa joto letu na unyevu wetu, hema lililofungwa bichi huota ukungu kwa siku mbili na harufu hiyo haitoki. Litundike kivulini, si juani, siku mbili. Buti zioshwe matope kwa maji yasiyo na chumvi, zijazwe magazeti, zikaushwe penye upepo, na zihifadhiwe chumba kinachopitisha hewa. Mfuko wa kulalia uning'inizwe, usikunjwe mpaka safari nyingine.